Fighter 4, Wizard 3: kwa nini mhusika wangu hapigi mara mbili?

SWALI: Nacheza Baldur's Gate 3, mchezo wa video wa kuigiza wahusika, na mhusika wangu amefika leveli ya 7. Nilitaka mpiganaji anayejua uchawi, kwa hiyo nikampa leveli 4 za Fighter (klasi, yaani kazi, ya mpiganaji), ubobezi wa Champion, kisha 3 za Wizard (klasi ya mchawi). Sasa kila vita ni aibu tupu. Mwenzangu Lae'zel, ambaye ni Fighter, anapiga mara mbili kwa zamu moja, mimi mara moja. Gale, mchawi wa kundi letu, ana uchawi wa ngazi ya 4, mimi nimekwama kwenye ya 2. Nimeharibu wapi, na je, ni lazima nianze mchezo upya?

JIBU: Usianze upya. Kosa lako linarekebishika kwa sarafu 100 tu, na nitafika huko.

Mchezo huu unahesabu leveli kwa njia mbili. Kuna leveli ya mhusika mzima, ambayo kwako ni 7, na kuna leveli ya kila klasi peke yake. Wengi hutazama ile ya kwanza, kumbe karibu vitu vyote vitamu vimefungwa kwenye ya pili. Bonasi ya ustadi, yaani nyongeza kwenye mambo ambayo mhusika ana ujuzi nayo, hufuata jumla, sawa. Lakini Extra Attack, yaani hilo pigo la pili unalomwonea wivu Lae'zel, hutolewa Fighter anapofika leveli ya 5 ya Fighter. Wewe uliishia ya 4. Ulibakiza hatua moja, ukageuka.

Vipaji (feats), yaani uwezo wa ziada unaouchagua mwenyewe, navyo viko hivyohivyo. Klasi zote hutoa kipaji kwenye leveli ya 4, 8 na 12 za klasi hiyo, na Fighter huongezewa kimoja kwenye ya 6. Lae'zel akiwa Fighter 7 ana vipaji viwili. Wewe unacho kimoja, na hizo leveli 3 za Wizard hazijakupa hata kimoja kwa sababu hazijafika 4. Upande wa uchawi hali ni ileile: Wizard hufungua ngazi ya 2 kwenye leveli ya 3 na ngazi ya 4 kwenye leveli ya 7. Kwa kifupi, umemtengeneza mpiganaji asiyemaliza shule akishirikiana na mchawi asiyemaliza shule.

Sasa linaloniuma zaidi kwa niaba yako. Ulichokuwa unakitafuta kimo tayari ndani ya Fighter. Kwenye leveli ya 3, ulipochagua Champion, pembeni yake palikuwa na ubobezi uitwao Eldritch Knight: mpiganaji anayejifunza uchawi kidogokidogo bila kuacha upanga. Linganisha hesabu. Champion 4 na Wizard 3 wana nafasi 4 za uchawi wa ngazi ya 1 na nafasi 2 za ngazi ya 2 (kila uchawi unaoutumia hula nafasi moja). Eldritch Knight 7 ana nafasi 4 za ngazi ya 1 na 2 za ngazi ya 2. Ni zilezile kabisa! Ila yeye ana pigo la pili, kipaji cha ziada, na kwenye leveli hiyohiyo ya 7 hupata War Magic: akitumia uchawi mdogo usiokula nafasi, anaruhusiwa kupiga kwa silaha kwa tendo lake la ziada. Pia anaweza kuifunga silaha yake, ikawa haiwezi kuangushwa mkononi, na akiirusha inamrudia.

Kuna anachokosa, nisikufiche. Uchawi wake mwingi ni wa kujikinga na wa kushambulia moja kwa moja, wakati Wizard anachagua kutoka kila aina na kunakili hati za uchawi anazookota njiani. Kama raha yako ni kukusanya hati, Eldritch Knight atakuchosha.

Akili yake usiigharamie sana. Chagua uchawi usiojali alama ya Intelligence: Shield hukuongezea kinga kwa 5 mpaka zamu yako inayofuata, na mishale ya Magic Missile haikosi shabaha hata mpigaji awe mbumbumbu. Alama zako ziende kwenye Strength na Constitution.

Je, kuchanganya klasi ni vibaya? Hapana, mimi napenda sana. Lakini mchezo una kikomo cha leveli 12, kwa hiyo kila leveli unayoipeleka huku unaitoa kule. Ukiwa mpiganaji, usiguse klasi ya pili kabla ya leveli ya 5, na ujue kwamba Fighter 11 hupata pigo la tatu. Usidhani pia kwamba kuweka Fighter 5 na Paladin 5 (klasi nyingine ya kivita yenye Extra Attack) pamoja kutakupa mapigo matatu. Extra Attack mbili za namna hiyo hazijumlishwi.

Ukipenda zaidi kuwa mchawi, mchanganyiko mzuri ni Fighter 2 na Wizard 10. Leveli 2 za Fighter zinaleta Action Surge, tendo la pili ndani ya zamu moja, ambalo hurudi baada ya mapumziko mafupi. Fireball (uchawi wa mpira wa moto) mbili mfululizo humaliza mabishano mengi. Utapoteza uchawi wa ngazi ya 6 na kipaji cha mwisho, na kwa maoni yangu bei hiyo inalipika.

Basi nenda kambini ukazungumze na Withers, yule mzee mkavu wa kaburini. Zungumza naye ukiwa unamwongoza mhusika unayetaka kumbadilisha. Kwa sarafu 100 atamrudisha leveli ya 1, uchague klasi na alama upya, kisha umpandishe tena hadi 7. Mbari haibadiliki, na hadithi yako haiguswi. (Wenye vidole vyepesi humwibia mfukoni sarafu zilezile walizomlipa. Sijasema kitu.)

Ukiamua kuchanganya, angalia klasi ya kwanza unayobofya. Anayeanza na Fighter hupata ruhusa ya kuvaa deraya nzito na ustadi wa kujinusuru kwa Constitution, ambao humsaidia kuzuia uchawi wake unaoendelea usikatike anapopigwa. Anayeanza na Wizard kisha akaongeza Fighter hapati chochote kati ya hivyo viwili, hata kama leveli zao mwishoni zinalingana.