Uzamivu Ujerumani: tafuta kazi, usisubiri udahili

Mkuu, umeuliza kwa nini maprofesa wa Ujerumani hawakujibu barua pepe zako wakati una uzamili wa sayansi ya udongo kutoka SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) na matokeo safi. Mimi uzamivu (PhD) nimeufanyia huku, na sasa niko kwenye mkataba wa utafiti wa baada ya uzamivu.

Wengi tunasubiri dirisha la udahili kama la nyumbani. Huku, hasa kwenye sayansi, wengi wanaofanya uzamivu ni waajiriwa. Profesa akipata fedha za mradi, mara nyingi kutoka DFG, shirika la Ujerumani linalofadhili utafiti, anatangaza kazi mwezi wowote, na tangazo linafungwa baada ya wiki chache. Kwa hiyo pitia tovuti za nafasi za utafiti kila wiki: academics.de, EURAXESS na PhDGermany ya DAAD (shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma), na kwenye tovuti ya chuo fungua ukurasa wa "Stellenangebote", yaani nafasi za kazi. Ukitaka programu zenye usaili wa kundi zima, angalia shule za uzamivu za Max Planck, mtandao wa taasisi za utafiti; shule hizo zinaitwa IMPRS.

Ukipata tangazo, lisome mpaka chini. Utakuta "TV-L E13, 65%". Hiyo ni ngazi ya mshahara wa watumishi wa majimbo, na wewe utalipwa asilimia 65 yake. Kazi utapiga kutwa nzima, tusidanganyane. Ila ni ajira rasmi kisheria: bima ya afya na pensheni zimo, na ndiyo maana mimi naipenda kuliko skolashipu. Tafuta pia "Kennziffer", namba ya tangazo, uiandike kwenye kichwa cha barua pepe. Barua, wasifu, vyeti na majina ya wadhamini (referees) viunganishe viwe PDF moja. Ukituma mafaili manane yenye majina kama "scan003", unampa mtu sababu ya kuruka kwenda kwa mwombaji mwingine.

Kama hakuna tangazo na unamwandikia profesa moja kwa moja, "mimi ni mchapakazi, naomba ufadhili" haisomwi. Barua yangu iliyojibiwa ilikuwa fupi: nilitaja makala yake ya kupima kaboni ya udongo, nikauliza kama njia ile ingefaa kwenye udongo mwekundu wa Usambara, nikaambatanisha jedwali moja la data zangu. Ufadhili sikuugusa kabisa. Yeye ndiye aliyeuliza.

Kwa waliokwisha kumaliza uzamivu: Wakfu wa Alexander von Humboldt una ufadhili wa Georg Forster kwa watafiti wa nchi zinazoendelea, lakini lazima kwanza umpate mwenyeji chuoni, yaani mtafiti wa huku aliyekubali kukupokea. Ukiajiriwa, uliza mkataba ni wa muda gani. Sheria ya huku inaweka ukomo wa mikataba ya muda ya watafiti: miaka 6 kabla ya uzamivu na 6 baada yake, isipokuwa tiba ambako baada yake ni 9. Mkataba wa mradi nao mara nyingi hufuata uhai wa fedha za mradi, kwa hiyo ukikuta umebaki mwaka mmoja, uliza mapema kama kuna nyongeza kabla hujahamisha familia.