Kanzu Nyeupe, Jua la Saa Saba: Kuzuia Picha Isiungue

Ukishika kamera kwa mara ya kwanza Bagamoyo, kitakachokusumbua mapema kuliko vyote ni weupe. Matanga ya ngalawa, kanzu, mchanga, kuta za chokaa, gauni la bibi harusi. Kwa macho unaona mikunjo ya kitambaa na viraka vya tanga. Ukiifungua picha kwenye kompyuta, pale pana doa jeupe tupu. Picha imeungua. Vijana ninaowaelekeza hudhani kamera yao ni mbovu, na wengine huanza kuulizia bei ya kubwa zaidi. Wasiharakishe kutoa hela.

Kila nukta ya sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachonasa mwanga, ina kiasi cha mwanga inachoweza kupokea. Ikishajaa, mwanga unaozidi hapo haurekodiwi. Kwenye JPEG, lile faili la kawaida la picha, rangi nyekundu, kijani na bluu kila moja hupewa namba kuanzia 0 hadi 255. Palipofika 255 kwa zote tatu ni peupe tu, hapana uzi wala mkunjo. Ukija kupunguza mwanga kwenye programu, utapata kijivu, lakini mkunjo haurudi. Giza lina nafuu: sehemu iliyofifia mara nyingi bado ina kitu ndani yake, ukiinyanyua inaonekana, ingawa itakuja na chengachenga. Ndiyo maana juani mimi hulinda weupe kwanza.

Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, haiwezi kukufanyia kazi hiyo peke yake, kwa sababu haijui kanzu ni nini. Hesabu yake ya msingi ni kwamba kilichomo kwenye fremu, kwa wastani, ni cha kijivu cha katikati. Msimamishe mzee mwenye kanzu mbele ya mlango wa nakshi wa mbao nyeusi: mlango umejaza fremu, kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na kanzu inaungua. Shuka naye ufukweni, mchanga ujaze fremu, kamera inapunguza mwanga na uso wa mzee unakuwa mweusi hausomeki. Mzee yuleyule, jua lilelile. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia upunguze mwanga kila mara. Tazama kwanza nini kimejaza fremu, kisha tumia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: mbele ya mlango mweusi shusha, kwenye mchanga pandisha kidogo.

Jua likiwa wazi, bila wingu, napenda zaidi kupanga mwenyewe. Kanuni ya zamani ya wapiga picha wa filamu bado inafanya kazi: tundu la lenzi f/16, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 100, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/100 ya sekunde. Ukitaka tundu kubwa zaidi (namba ya f ikipungua, tundu linapanuka), f/8 na 1/400 ni mwanga uleule. Faida yake ni kwamba mzee akihama kutoka mlangoni kwenda mchangani, mpangilio wako haubadiliki, maana jua linalompiga ni lilelile. Akiingia kivulini, hapo ndipo upange upya.

Usiamini kioo cha nyuma ya kamera ukiwa juani. Mwanga wa nje unakudanganya. Washa onyo la sehemu zilizoungua, lile linalozifanya ziwake na kuzima kwenye picha uliyopiga, halafu fungua histogramu, ule mchoro wa vilima unaoonyesha giza kushoto na weupe kulia. Vilima vikigandamana ukutani upande wa kulia, kuna kitu kimepotea. Chagua histogramu ya rangi tatu kama kamera yako inayo. Kanga nyekundu iliyoiva inaweza kujaza rangi nyekundu peke yake, histogramu ya jumla ikakuonyesha mambo ni shwari, na ukifika nyumbani maua ya kanga yamegeuka bonge moja la rangi.

Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, ukiweza. Faili lake lina biti (kipimo cha wingi wa ngazi za mwanga) 12 au 14 kwa kila rangi badala ya 8 za JPEG, na mara nyingi unaweza kuokoa weupe ambao JPEG ingeutupa. Mwanga uliojaza sensa kabisa, lakini, hata RAW haina dawa yake.

Sasa lililo zito kwangu: watu. Ngozi zetu ni nyeusi na nguo zetu za heshima ni nyeupe, na jua la saa saba liko utosini. Ukiilinda kanzu, macho yanazama kwenye kivuli cha paji la uso. Ukiyafuata macho, kanzu inaungua. Usihangaike na vitufe. Msogeze mtu. Mtaa wa India hapa Bagamoyo una baraza za kutosha. "Shikamoo mzee. Naomba usogee hapa kwenye kivuli cha baraza, uangalie barabarani." Mwanga unaorudi kutoka barabarani na ukuta wa ng'ambo utaujaza uso wake kwa upole, na kanzu itabaki na kila mkunjo wake. Simama naye ubavuni, ili barabara inayowaka jua isiingie nyuma yake. Chini ya miembe ya Misheni ya Kikatoliki kuwe na hadhari: majani yanapitisha vipande vya jua, na kimoja kikitua shavuni kinaungua hata kama kivuli kinaonekana kizuri.

Si kila cheupe kinachostahili kuokolewa. Jua lenyewe na vimetameta vya maji acha viungue; ukivilinda hivyo utaua picha nzima. Kwa matanga, kumbuka bahari yetu iko mashariki. Saa moja asubuhi jua liko nyuma ya jahazi, kwa hiyo pima mwanga kwenye anga pembeni mwa jua na ukubali chombo kiwe kivuli cheusi. Ukitaka kuona viraka na mishono ya tanga, nenda saa kumi na nusu alasiri, jua likiwa mgongoni mwako, na anza na shata ya kasi kuliko unavyodhani inahitajika.