Kuchangia hela Fedora: inaingia mfuko wa nani?

Mkuu umesema kompyuta za darasa lenu zinaendeshwa na Fedora, mfumo endeshi wa Linux, bure miaka yote, sasa mmechanga laki na nusu mnataka kuwatumia kama shukrani, mtume wapi. Mimi nilishapita hapohapo, tulikuwa Nkuhungu hapa Dodoma tunafundisha vijana kompyuta kwa mashine za mitumba, tukachangishana nikakabidhiwa mimi hela nitafute pa kutuma, siku mbili nazunguka kwenye tovuti yao natafuta sehemu ya kuchangia siioni.

Baadaye ndo nikaelewa. Fedora yenyewe siyo taasisi iliyosajiliwa, mfadhili wake mkuu ni Red Hat, kampuni ya programu ya Marekani, na Red Hat tangu 2019 ni mali ya IBM, kwa hiyo hela ya "Fedora" ingeangukia kampuni ya biashara, na hapo mambo ya mahesabu na kodi yanaanza, halafu nani aamue itumike wapi wakati wanaojitolea hawana sahihi kwenye akaunti hiyo? openSUSE, mfumo mwingine wa Linux, nao wanafadhiliwa na kampuni, SUSE, ila wao ikaanzishwa taasisi ya pembeni inaitwa Geeko Foundation ipokee michango. Mimi naona hiyo ndo njia safi. Debian, Linux nyingine, haina kampuni juu yake, hela yake inashikwa na Software in the Public Interest, taasisi isiyo ya faida ya Marekani, ipo tangu 1997.

Hapa wengi wanakosea: ukichangia Mozilla Foundation ukidhani unalipia Firefox, ile programu ya kuperuzi mtandao, siyo, Firefox inatengenezwa na Mozilla Corporation, kampuni iliyo chini yake. Thunderbird, programu yao ya barua pepe, ndo inaishi kwa michango ya watumiaji.

Na tafadhali sana msitume kwenye namba ya mtu binafsi hata akisema ni mwakilishi. Sisi elfu sitini ilienda hivyo mpaka leo hatujui ilifanya nini, na iliniuma kwa sababu kuna kijana alitoa nauli yake.

Iliyobaki tuliipeleka LibreOffice, programu za bure za kazi za ofisi, kupitia taasisi yake The Document Foundation ya Ujerumani, maana Writer yake ya kuandikia na Calc ya mahesabu ndo tunafundishia kila siku, tukalipa kwa kadi ya benki ya mwenzetu risiti wote tukaiona. Fedora tukawapa kazi, tafsiri ya Kiswahili na kuripoti matatizo, hasa Wi-Fi ya laptop za zamani. Kwa mradi wa kampuni hicho ndo wanachokosa, mishahara ya mainjinia wanayo. Nyie mnatumia mashine gani? Niandikie modeli nikuelekeze ripoti inaandikwaje.