Mauser ya 1871 hairushi ganda: je, ni mbovu?

SWALI: Naishi Minnesota, Marekani. Nimenunua mnadani bunduki ya zamani ya risasi moja moja. Ubavuni imechapwa I.G.Mod.71, na juu kuna Gebr. Mauser & Cie, Oberndorf. Nikitia ganda tupu la risasi na kuvuta bolti, kile chuma chenye mkono kinachofunga bunduki kwa nyuma, ganda linarudi nayo lakini haliruki nje; linakaa tu hapo mpaka nilitoe kwa vidole. Kuna kipande kimepotea? Hao Mauser ni akina nani? Tena wazee wetu wa Tanga walikuwa wakisimulia bunduki za askari wa Mjerumani zilizofuka moshi. Ndiyo hii? Ningependa kuipiga.

JIBU: Ndugu yangu, hakuna kilichopotea. Model 71, ndiyo hiyo Mod.71 iliyochapwa ubavuni, ilitoka kiwandani bila kirusha ganda. Ina kijino kimoja tu kwenye kichwa cha bolti, kinachonasa ukingo wa ganda na kulitoa chemba, tundu linamokaa risasi. Kwako ganda linarudi na bolti, basi kijino ni kizima. Kingevunjika, ganda lingebaki mle ndani. Mpigaji alivuta bolti mpaka mwisho, akailaza bunduki kidogo upande wa kulia, ganda likadondoka lenyewe. Jaribu hivyo, utaona vidole havihitajiki. Kirusha ganda kilikuja na Model 71/84, iliyotiwa magazini ya bomba la risasi 8 chini ya mtutu.

Ukiwa hapo, inua mkono wa bolti polepole uangalie nyuma. Pini ya kupigia inarudi na kujikaza kwa mzunguko ule ule wa mkono. Leo hilo ni jambo la kawaida, lakini bunduki ya sindano ya Dreyse, waliyokuwa nayo Waprusia kabla yake, ilitaka pini ikazwe kwa mkono, hatua ya peke yake, tena ilitumia risasi za karatasi. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo ufundi wa bunduki yako, kuliko jina lililochapwa juu.

Bolti yenyewe inazuiwa isichomoke na skrubu yenye washa nene (kile kiduara cha chuma) ubavuni mwake. Legeza skrubu mpaka washa ipite, bolti itatoka. Kichwa chake ni kipande cha peke yake na huchomoka kirahisi, kwa hiyo fanyia kazi hiyo juu ya meza, usifanyie nyasini. Na usithubutu kupiga bunduki ambayo kichwa hicho hakimo.

Sasa kuhusu hao Mauser. Ni ndugu wawili, Wilhelm na Paul, watoto wa fundi bunduki. Baba yao, Franz Andreas, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha silaha cha ufalme wa Württemberg pale Oberndorf, kando ya mto Neckar, ndani ya majengo yaliyokuwa zamani monasteri ya Waagustino. Paul alizaliwa 1838, kitindamimba wa watoto 13, na mikono ya ufundi ilikuwa yake. Wilhelm, aliyemtangulia kwa miaka 4, alishika mazungumzo na biashara. Kaka yao mwingine, Franz, alihamia huko uliko wewe na kufanya kazi kwa Remington, kampuni ya bunduki ya Marekani.

Serikali hazikuwakimbilia. Aliyewaona mapema ni Samuel Norris, wakala wa Remington barani Ulaya, aliyewapeleka Liège, Ubelgiji, mwaka 1867. Hataza yao ya Marekani ya 1868 ina jina la Norris pamoja na yao. Mpango ule ulivunjika, wakarudi nyumbani, wakaendelea kuihangaikia bunduki yao mpaka Prussia ikaikubali, na mwaka 1872 ikawa bunduki rasmi ya jeshi la Ujerumani. Mwaka 1874 walikinunua kile kiwanda cha Oberndorf alimofanya kazi baba yao, na pamoja nacho wakapata oda ya bunduki 100,000 za jeshi la Württemberg. Bunduki nyingi za aina hii zina stempu za viwanda vingine, vya Spandau, Erfurt, Danzig, Amberg au Steyr, kwa hiyo yenye jina la ndugu wenyewe ni ya kutunzwa. Wilhelm alifariki 1882, Paul Mei 1914.

Wazee wa Tanga hawakukosea. Vita vilipoanza 1914, kompania nyingi za askari wa Schutztruppe, jeshi la Mjerumani katika koloni, bado zilikuwa na Model 71, wakati Ulaya ilishaiweka stoo. Inatumia baruti nyeusi. Ukifyatua mara moja, wingu jeupe linatanda mbele yako na adui anajua ulipo. Walipigana nayo na Waingereza pale Tanga mwezi Novemba, wakashinda, na bunduki za kisasa walizoteka zikatosha kompania tatu.

Kuhusu kuipiga: inawezekana, lakini kwa baruti nyeusi peke yake. Risasi yake ni ya aina ya 11.15×60R, yenye kichwa cha plumbum cha gramu 25 hivi, kinachosukumwa na gramu 5 za baruti. Baruti isiyo na moshi usiitie hata kidogo, maana chuma hiki hakikutengenezwa kwa shinikizo lake. Kwanza fundi aangalie chemba, mifereji ya mtutu, na ile mbavu ya bolti inayobana mbele ya daraja la chuma (ile sehemu ya bunduki inayokumbatia bolti kwa nyuma), maana ndiyo inayobeba kishindo chote. Apime na upana wa mtutu kabla hujanunua risasi, kwa sababu bunduki hizi hazilingani. Siku hiyo hiyo ya kupiga, osha mtutu kwa maji ya moto, kausha, paka mafuta. Masalia ya baruti nyeusi yanavuta unyevu, na kutu haingoji kesho.

Kisheria, kwa serikali kuu ya Marekani, silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla huhesabiwa ya kale. Sheria za jimbo lako ziulizie mwenyewe.

Mwisho, linganisha namba za utambulisho za bunduki. Namba kamili, au tarakimu zake mbili za mwisho, zimerudiwa kwenye vipande vidogo: bolti, skrubu, pete za mtutu. Zikipishana, bunduki imechanganywa vipande, na bei inashuka. Na stempu zilizoko kitakoni, ndugu yangu, usizipige msasa.