Jibu: CNC inasema mlango uko wazi wakati umefungwa

Salama ndugu. Umesema mashine yako ya kukereza ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) hapo Gerezani, Dar es Salaam, haizungushi chaki (kishikio cha kipande kinachokerezwa), inaandika mlango uko wazi ilhali umeufunga. Usianze na bodi ya umeme. Tazama ulimi wa chuma unaoingia kwenye swichi ya mlango: vigurudumu vya mlango vikilika, mlango hushuka na ulimi hugonga pembeni, hata kwa milimita 2 tu. Toa chembe za chuma tunduni. Zima umeme, chomoa plagi ya swichi, pima swichi kwa mita ya umeme. Swichi nyingi za aina hii zina njia mbili za umeme. Moja ikikatika, rilei ya usalama (swichi ya umeme inayoruhusu mashine kuzunguka) hairuhusu chaki izunguke. Maji ya kupozea nayo huozesha terminali (viungio vya waya). Nakusihi, usiunge waya kuiruka swichi: kipande kikichomoka kwenye chaki, mlango huo ndio kinga ya fundi. Swichi ikiwa mbovu, nunua mpya pamoja na ulimi wake.