Kuhusu "chumba cha familia" na "ufukweni" Zanzibar

Ndugu, umeuliza kama maneno "chumba cha familia, hatua chache kutoka ufukweni" katika tangazo la hoteli moja ya Paje yanatosha kukufanya ulipie watu watano. Hayatoshi. Mwaka jana nililipia chumba chenye jina hilohilo kwingine, nikakuta chumba cha kawaida cha watu wawili kilichoongezwa kitanda kimoja cha kukunja, na watoto wetu watatu wakalala wamebanana. Niliumia sana kwa ajili yao. Kabla ya kutuma fedha, omba kwa maandishi idadi ya vitanda na upana wake, kama kuna mlango unaotenganisha wazazi na watoto, na mtoto wa umri gani hutozwa bei ya mtu mzima.

Kuhusu bahari, tangazo laweza kusema kweli na bado likakupotosha: huko Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, maji yakipwa hurudi mbali mno, hata watoto wasiweze kuogelea hadi yajae tena, ilhali Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, maji hayarudi mbali kiasi hicho. Hifadhi pia picha ya tangazo lenyewe, kwani maelezo huweza kubadilishwa baada ya mgeni kulalamika.