Naibiwa au ndo sheria? Dola 2.13 kwa saa hapa Texas

SWALI: Shikamoo anti. Niko Houston, Texas, nahudumia meza kwenye mgahawa wa hoteli. Nimeona takwimu za serikali, wastani wa malipo kwa saa kwenye sekta ya mahoteli na burudani jimboni kwetu ni hela nzuri tu, ila slipu yangu inasoma dola 2.13 kwa saa! Binamu yangu yuko Seattle, kazi hiyohiyo, ananicheka anasema naibiwa. Alafu juzi wateja wamekula wakasepa bila kulipa, meneja anasema nitakatwa mimi. Nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza huo wastani usikuumize kichwa, mle ndani kachanganywa meneja wa hoteli, muosha vyombo, mpishi mkuu na kijana wa kukata tiketi getini, wote kwenye chungu kimoja, sasa utajipimaje na hapo.

Hiyo 2.13 yenyewe, kwa uchungu kabisa nakwambia, ni halali. Haijaguswa tangu 1991. Sheria ya Marekani inamruhusu bosi alipe hiyo kwa mtu wa tipu (bakshishi ya wateja) ilimradi tipu zikijumlishwa ufike kima cha chini cha taifa, 7.25, nacho hakijapanda toka Julai 2009, na Texas imebeba hichohicho. Binamu yako yuko jimbo la Washington ambako tipu haziingizwi kwenye hesabu ya bosi, mwaka 2025 kima cha chini cha jimbo kilikuwa 16.66, Seattle yenyewe 20.76, na tipu zako unabeba juu yake. Acha acheke, ila muulize na kodi ya nyumba analipa ngapi.

Wizi uutafute kwengine. Chukua slipu ya wiki moja tukae nayo. Tuseme umefanya saa 30: kwa 7.25 inatakiwa 217.50, bosi kakupa 63.90, kwa hiyo tipu zako lazima zifike 153.60. Kama ulipata 120 tu basi anakudai... samahani, UNAMDAI 33.60, na hiyo hela anatakiwa aiweke mwenyewe bila kuombwa. Na asikwambie mbona wiki ya Krismasi ulivuna, kila wiki inahesabiwa peke yake.

Ovataimu ndo wengi wanapigwa na hawajui. Ukivuka saa 40 kwa wiki bosi anachukua 2.13 anaizidisha mara moja na nusu, anakupa 3.20, unashukuru. Sio hivyo! Inayozidishwa ni 7.25, inakuwa 10.88 hivi, ndo atoe ile 5.12 anayofidia kwa tipu (7.25 toa 2.13), wewe ubaki na kama 5.76 kwa kila saa ya ziada.

Hao waliosepa, hukatwi hata senti, maana mtu wa 2.13 anahesabika tayari yuko kwenye kima cha chini, ukikatwa tu umeshashuka chini yake, na sahani iliyovunjika ni hivohivo. Na meneja au supavaiza akichota kwenye kapu la tipu za wahudumu, hiyo ni marufuku tangu 2018, hata aseme alikusaidia kubeba sinia.

Sasa anza kuandika kila usiku saa zako na tipu zako kwenye daftari, sio kwenye simu ya kazini. Kesi ya Texas Workforce Commission (idara ya kazi ya jimbo) unayo siku 180 toka siku ulipotakiwa kulipwa, ukienda Wizara ya Kazi ya taifa una miaka 2, au 3 kama bosi alifanya makusudi. Kukufukuza kwa sababu umelalamika nako ni kosa.

SWALI: Anti, eti tipu siku hizi hazikatwi kodi? — Mhudumu wa baa, Dallas

JIBU: Nusu kweli. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inakuruhusu utoe hadi dola 25,000 za tipu kwa mwaka kwenye hesabu ya kodi ya mapato ya taifa, kuanzia mwaka 2025 hadi 2028, ilimradi uwe na namba ya soshaal sekyuriti (hifadhi ya jamii ya Marekani) ya kufanyia kazi. Lakini makato ya soshaal sekyuriti na medikea (bima ya afya ya wazee) yapo palepale, na tipu ambayo hukuitaja huwezi kuiombea nafuu, kwa hiyo wale mnaoweka kesh mfukoni kimyakimya hii haiwahusu.